Ipi Ndiyo Mogitu?

Paskalina Margwe alikuwa na ufunguo. Wenzake wa darasa la saba walikabidhiwa mafagio, ndoo na majembe, lakini yeye alikabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta, na aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu ili kila mtu auone. Hata kanisani Jumapili aliuvaa, mpaka mama yake akamwuliza kama anataka kumfungulia padri kompyuta.

Kila asubuhi alitoka kwao, juu kidogo ya senta ya Dongobesh, akiwa amejifunga shuka juu ya sweta kwa sababu ya baridi. Akifika shuleni alimwamkia mwalimu wa zamu, akafungua chumba, akafuta vumbi mezani, kisha akaenda bwenini kumchukua rafiki yake Monica.

Monica alikuwa haoni tangu utotoni. Kwao ni upande wa Mogitu, wilaya ya Hanang, katika familia ya wafugaji, na hapa shuleni aliishi katika bweni la wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Usiwe na haraka ya kumhurumia. Monica alikuwa na utani wa kumtoa mtu machozi, na katika mtihani wa majaribio ya hisabati alishika nafasi ya pili darasa zima.

Shida yake ilikuwa vitabu. Vitabu vya nukta nundu, vile vinavyosomwa kwa vidole, vilikuwa vichache, na vya sayansi havikuwepo kabisa. Ndipo Mwalimu Yoakimu, aliyesimamia klabu ya kompyuta, alipobuni njia nyingine. Wanafunzi wanaoona walisoma vitabu kwa sauti, kompyuta ikawarekodi, na Monica akasikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni. Kazi hiyo ilianza wakiwa darasa la tano. Sasa walikuwa la saba, mtihani wa taifa ulikuwa mlangoni, na masomo yote ya Monica yalikuwa ndani ya zile sauti. Bila sauti hizo angeingia kwenye mtihani mikono mitupu.

Sauti zilihifadhiwa katika seva tatu, yaani kompyuta kubwa za kutunzia kazi, ambazo ofisi moja ya Arusha iliwapa baada ya kununua mpya. Zilikaa kwenye rafu ya chuma, moja juu ya nyingine, zikinguruma mchana kutwa. Mwalimu Yoakimu aliziunganisha zifanye kazi kwa pamoja. Kila somo liliwekwa nakala mbili, kila nakala kwenye seva tofauti, ili moja ikiharibika nyingine iokoe.

"Na ili zisichanganyane," aliwaeleza wanaklabu, "kila seva ina jina lake kwenye mtandao. Kompyuta yangu ikitaka kuzungumza na seva moja, inaiita kwa jina."

Wanafunzi wenyewe ndio waliochagua majina. Wakachagua ya maeneo wanakotoka: Dongobesh, Nangwa na Mogitu. Mwalimu akayaingiza majina hayo ndani ya seva, kisha akayaandika pia kwa kalamu ya wino mzito kwenye vifuniko vya mbele, vile vya plastiki vyenye matundu.

Basi. Sasa tuje kwenye Jumamosi ya usafi.

Ule ulikuwa msimu wa upepo, na vumbi la Dongobesh wakati wa upepo halina adabu. Linaingia chumbani hata kama dirisha limefungwa. Paskalina na mwenzake Emanuel walikuta vifuniko vya seva vimejaa vumbi jekundu, matundu yote yameziba.

"Tuvioshe," alisema Paskalina.

"Tuvioshe wapi? Kwani hizi ni sufuria?" Emanuel akacheka.

Lakini vifuniko vilichomoka vizuri tu, bila hata kuzima seva. Paskalina akavitia kwenye beseni, akavisugua kwa sabuni ya unga, akavianika juu ya nyasi kwenye jua. Vilitoka vikimetameta. Wakati wa kuvirudisha ndipo mambo yalipoharibika, ingawa mwenyewe hakujua. Alisimama mbele ya rafu, vifuniko mkononi, akajiuliza kipi kilikuwa wapi.

"Emanuel, ya juu ilikuwa ipi?"

Emanuel alikuwa tayari nje, mpira uko miguuni. "Weka tu! Wenzetu wameshaanza!"

Paskalina alifikiri kidogo. Dongobesh ndiyo kwao, na wenyeji lazima wakae juu, au siyo? Akapachika Dongobesh juu, Mogitu katikati, Nangwa chini. Akafunga mlango, akakimbilia uwanjani.

Siku ya Alhamisi Mwalimu Yoakimu aliingia chumbani uso umemkunjamana. Akawaonyesha wanaklabu skrini ya kompyuta yake. Pembeni ya jina moja ilikuwepo alama nyekundu.

"Mogitu inaumwa," alisema. "Diski zake zinakufa, na ndizo zinazotunza kazi yetu. Nimempigia simu fundi, Mama Fransiska. Kesho anakuja kutoka Mbulu mjini na diski mpya. Ataizima Mogitu, atabadilisha diski, halafu Nangwa na Dongobesh zitaijazia upya."

"Na asipokuja, mwalimu?" aliuliza Monica.

"Atakuja. Ila lazima izimwe Mogitu peke yake. Tukikosea tukazima iliyo nzima, hii mgonjwa itabeba na mzigo wa mwenzake, na diski zake zitakata roho hapo hapo. Masomo yatapotea, na mtihani ndio huo." Akawatazama mmoja mmoja. "Kuna mtu amegusa seva hizi? Kuna jambo lolote ninalopaswa kulijua?"

Paskalina alishtuka. Alijua. Palepale aliona picha ya vile vifuniko vitatu kwenye nyasi.

"Hakuna, mwalimu," alijibu, tena akimtazama machoni.

Wakati wa mapumziko alimvuta Emanuel nyuma ya darasa. "Vile vifuniko! Sikumbuki kama nilivirudisha sawa."

"Una uhakika ulikosea?"

"Sina uhakika! Ndiyo maana naogopa."

"Basi labda viko sawa. Nyamaza zako," alisema Emanuel. "Ukisema tu, ule ufunguo unaondoka shingoni. Na mimi nitatajwa."

Paskalina akaushika ufunguo wake. Jioni Monica alisikiliza somo la moyo na mishipa ya damu, akacheka peke yake, kisha akatoa kipokea sauti kimoja. "Paskalina, ukisoma neno 'ventrikali' unakuwa kama mtu anayemeza kiazi cha moto. Lakini nimelielewa. Mwaka ujao nitakuwa sekondari, nikikumbuka kiazi chako."

Paskalina alijaribu kucheka. Cheko lilikataa.

Ijumaa Mama Fransiska alifika na basi la asubuhi. Alikuwa mama mnene kiasi, mwepesi wa kutembea, mwenye begi la zana mgongoni na kilemba cha kitenge kichwani.

"Shikamoo, mama," wanafunzi walimwamkia kwa pamoja alipoingia.

"Marahaba, wanangu. Mgonjwa wetu yuko wapi?"

Mwalimu Yoakimu alisoma majina kwenye vifuniko. "Mogitu ni hii ya katikati."

"Haya. Tusimcheleweshe." Mama Fransiska alitoa diski mpya kwenye begi, akaziweka mezani, akapiga goti mbele ya rafu. Mkono wake ukaenda nyuma ya seva ya katikati, ukatafuta waya wa umeme, ukaushika.

Monica alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono imekunjwa magotini, akisikiliza. Paskalina alimtazama. Akautazama mkono wa fundi. Akapiga hatua mbele.

"Mama, subiri! Usizime!"

Mama Fransiska aliganda. "Kuna nini, binti?"

"Labda siyo yenyewe. Mimi... Jumamosi niliosha vifuniko. Nikavirudisha bila kukumbuka kipi kilikuwa wapi. Nilikisia tu." Machozi yalikuwa yameanza. "Hiyo inaweza isiwe Mogitu."

Mama Fransiska aliuachia ule waya polepole, kama mtu anayeachia mkia wa ng'ombe mkali.

"Tangu Jumamosi?" alisema Mwalimu Yoakimu. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Na jana nilipouliza, ukaniambia hakuna?"

"Ndiyo, mwalimu. Nilidanganya. Niliogopa utaninyang'anya ufunguo." Akauvua shingoni, akauweka mezani. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Masomo yangu yote yamo humo," alisema Monica. Hakukuwa na utani hata chembe.

"Najua. Nisamehe, Monica."

Emanuel, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa. "Mwalimu, na mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze."

"Nanyi wawili tutazungumza," alisema Mwalimu Yoakimu. "Kwanza tuokoe masomo, maana hata mimi nilizoea kusoma vifuniko tu. Fundi, tunafanyaje?"

Mama Fransiska alikuna kichwa kupitia kilemba. "Kama tungeunganisha skrini, kila seva ingetuandikia jina lake yenyewe. Lakini hizi ni za zamani, matundu yake hayakubali waya wangu. Waya wenu wa zamani uko wapi?"

"Uliliwa na panya," alisema Mwalimu, kwa uchungu.

"Aisee. Na taa za mtandao?"

Walizitazama taa ndogo za kijani nyuma ya seva. Zote tatu zilikuwa zinakonyeza bila kupumzika, kwa sababu seva zilikuwa zinazungumza zenyewe kwa zenyewe wakati wote. Hapakuwa na cha kujifunza pale.

"Ningeweza kuchomoa waya wa mtandao wa moja nione ni jina gani linapotea kwenye skrini," Mama Fransiska aliendelea. "Ila nikichomoa iliyo nzima, ni yale yale. Mgonjwa anabaki na mzigo. Siwezi kubahatisha na kazi ya watoto."

Monica akainua kichwa.

"Mama, seva zina majina ndani, au majina yako kwenye vifuniko tu?"

"Yako ndani, mwanangu. Hayo hayaoshwi kwa sabuni."

"Basi kwa nini tunasumbuka na vifuniko?" Monica alisimama. "Nyumbani ng'ombe wa baba wana njuga shingoni. Mimi siwaoni, kwa hiyo zamani nilikuwa nawatambua kwa njuga. Kaka zangu wakaona huo ni mchezo mzuri, wakawa wanazibadilisha. Nikawa nampelekea chumvi ng'ombe ambaye siye! Baba akaniambia nisihangaike na njuga, nimwite ng'ombe kwa jina lake. Ukimwita, mwenye jina anaitika, hata akivalishwa nini. Sasa ziiteni hizi seva. Itakayoitika tutaisikia."

"Zinaitika kwenye skrini tu, Monica," alisema Mwalimu Yoakimu. "Hazitoi sauti."

Lakini Mama Fransiska alikuwa ameinua kidole. "Ngoja. Ngoja kwanza, mwalimu. Seva ikifanya kazi ngumu inapata joto, si ndiyo? Na ikipata joto, feni yake inafanyaje?"

"Inakwenda mbio," alisema Emanuel.

"Inapiga kelele!" alisema Mwalimu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukakunjuka. "Kumbe inawezekana! Tunaiita Mogitu kwa jina lake la mtandao, tunaipa hesabu ngumu za kupiga, halafu tunasikiliza ni feni ipi inayonguruma!"

Alishavuta kiti kwenye kompyuta yake. Paskalina aliinua mkono kwa woga, kama mwanafunzi mgeni.

"Mwalimu, naomba kusema."

"Sema."

"Mogitu inaumwa. Tukiitesa na hesabu si itazidiwa? Afadhali tuwaite wale wazima wawili. Dongobesh kwanza, halafu Nangwa. Wakishaitika wote, atakayebaki ndiye Mogitu, na hatutakuwa tumemgusa."

Mama Fransiska alipiga makofi mara moja. "Umesikia, mwalimu? Mgonjwa hakimbizwi. Binti ana akili huyu, tatizo lake ni kuificha."

Mwalimu Yoakimu aliandika jina: dongobesh. Akaipa hesabu ndefu. Monica alisogea mbele ya rafu, na Paskalina akamshika mkono kumwongoza asijikwae. Alidhani Monica angeuvuta mkono wake. Hakuuvuta.

"Nyamazeni wote," Monica aliagiza, na hata mwalimu akanyamaza.

Mwanzoni mngurumo ulikuwa ule ule wa kila siku. Kisha feni moja ikaanza kupanda, ikapanda, ikawa inavuma kama upepo kwenye bati. Monica akapeleka kiganja mbele ya seva ya juu, akakishusha kwenye ya katikati, akakishusha zaidi. Akatulia.

"Ya chini. Upepo wa moto unatoka ya chini."

Mama Fransiska akaweka mkono wake hapo hapo. "Kweli kabisa. Dongobesh iko chini."

Paskalina alisoma kifuniko cha chini. Kilikuwa kimeandikwa Nangwa. Alijishika mdomo.

"Sasa Nangwa," alisema Mwalimu. Aliisimamisha kazi ya kwanza, akangoja feni itulie, akaandika jina la pili. Safari hii hawakuhitaji kusubiri sana. Mngurumo ulitoka katikati, mkubwa, hauna ubishi, na viganja vitatu vikaufuata kwa pamoja.

Katikati, kwenye kifuniko kilichoandikwa Mogitu. Seva ile ile ambayo mkono wa fundi ulikuwa umeshika waya wake.

Mama Fransiska alikaa chini sakafuni, mzima mzima. "Jamani. Nilikuwa nimebakiza kuvuta tu."

"Kwa hiyo Mogitu ni ya juu," alisema Monica. "Imevaa njuga ya Dongobesh."

"Turudie," alisema Mwalimu Yoakimu. "Sitaki kuwa na shaka." Wakarudia, Dongobesh na kisha Nangwa, na majibu yakawa yale yale. Ya chini ikaitika, ya katikati ikaitika, ya juu ikabaki inanguruma kivivu. Ndipo fundi akasimama, akavuta pumzi, akauchomoa waya wa seva ya juu.

Wote waligeukia skrini. Jina la Mogitu likafifia, likawa la kijivu. Dongobesh na Nangwa zilibaki kijani, imara.

Kelele zilizopigwa pale ziliwatoa walimu ofisini! Emanuel aliruka akagonga ndoo. Monica na Paskalina walikumbatiana, wakizunguka, wote wakilia na kucheka, na Mama Fransiska akapiga vigelegele vya harusi akiwa na bisibisi mkononi. Paskalina hakuwahi kufurahi namna hiyo maishani mwake, na alikuwa hana hata ufunguo.

Kubadilisha diski hakukuchukua muda. Mogitu iliporudishiwa umeme, seva mbili nzima zikaanza kuijazia nakala za masomo, na alasiri alama nyekundu ikatoweka. Monica alipewa heshima ya kujaribu. Akabonyeza kitufe, na kwenye spika ikatoka sauti ya Paskalina ikisoma kuhusu ventrikali. Chumba kizima kiliangua kicheko.

Kisha Mwalimu Yoakimu aliuchukua ule ufunguo mezani na kuutia mfukoni mwake.

"Huu nitakaa nao mpaka shule ifungwe," alisema. "Na ninyi wawili mtafagia chumba hiki kila asubuhi, mkifunguliwa na mimi. Mmekubali?"

"Tumekubali, mwalimu," walisema Paskalina na Emanuel. Paskalina alishangaa kuona kwamba shingo yake ilikuwa nyepesi.

Mama Fransiska alikuwa anafunga begi lake. Akamwita Paskalina karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Kuosha vifuniko siyo kosa, na kusahau kipi kilikuwa wapi kunampata kila mtu. Hata mimi nimeshasahau mengi. Lakini angalia hii Mogitu. Ilipoanza kuumwa ilisema. Iliwasha alama nyekundu mapema, mbele ya kila mtu, na kwa sababu ilisema tukaiwahi. Ingejifanya nzima, leo tungekuwa tunaizika na masomo yote ya mwenzako. Binadamu naye ni hivyo hivyo. Ukikosea, sema mapema. Leo umechelewa, lakini umesema kabla sijavuta waya. Umeumia kidogo, Monica amepona."

"Asante, mama. Sitanyamaza tena."

"Na sisi walimu tumejifunza," aliongeza Mwalimu Yoakimu. Alichukua kalamu ya wino mzito, akampa Paskalina. "Andika majina upya. Siyo kwenye vifuniko. Kwenye chuma chenyewe, ambacho hakichomoki."

Paskalina aliandika kwa herufi kubwa, Monica akiwa pembeni yake anahakikisha kwa kiganja kila seva kabla ya kalamu kugusa. Mogitu juu. Nangwa katikati. Dongobesh chini kabisa, na mwenyeji hakudhurika kwa lolote.

Alipomaliza, Monica alivuta kiti, akamsukumia kinasa sauti cha kompyuta.

"Sura ya mwisho ya sayansi hujanisomea bado," alisema. "Kaa chini uanze, mtihani haunisubiri."

Paskalina akafuta machozi, akafungua kitabu, akaanza kusoma.